Kilo Zinapotelea Wapi

Siku ya kwanza, jumatatu, tarehe 7 mwezi wa kumi

Nimefika uwanja wa ndege saa kumi na mbili na nusu. Pisti, njia ya kurukia ndege, imelowa, mawingu iko chini. Ndege ya Mambasa ilitakiwa kuruka saa mbili, imeruka saa ine na robo. Kawaida.

Programu ya wiki iko ku ukuta. Leo Mambasa, kesho Aru, siku ya tatu Mambasa, siku ya ine Aru, siku ya tano ndege inapumzika. Shefu, mukubwa yetu hapa uwanja, ameandika kwa biki nyekundu, na chini yake: "Bila kubadilika." Nimecheka peke yangu.

Miye kazi yangu ni kupima. Mutu anapanda ku balansi, naita kilo zake kwa sauti, naandika ku liste. Kisha bagaji, mizigo yao. Ndege iko na viti kumi na mbili tu, haipendi mizaha. Komanda, piloti yetu, anachukua hesabu yangu njo anajua atie mafuta ngapi na nani akae mbele. Kuita kwa sauti hakuna mutu aliniamuru. Nilikuta wanafanya hivyo. Mama wa kilo mingi anapigiwa makofi, maana yake nyumbani kwake wanakula. Mwembamba anashuka mbio.

Matope imenichosha. Watu wanapanda na viatu vya mvua mpaka kioo cha balansi hakisomeki. Leo nimeleta kutoka nyumbani Ngezi kipande cha tapi, zulia ile ya kijani, nene, nimeitandika mbele ya kaunta, balansi juu yake. Watu wanapangusa viatu mbele ya kupanda. Sasa inafanana na biro, ofisi ya kweli. Nimefurahi bure kama mutoto.

Siku ya pili, tarehe 8

Aru, abiria kumi na mbili. Imeruka saa tatu. Ajabu.

Watu wamekonda. Yule mwalimu anayeenda kwa bibi yake kila mwezi, nilizoea kumuita 63, leo 58. Mama mumoja na mutoto mugongoni, wote wawili 52. Nimeita polepole. Hakuna aliyepiga makofi.

Nashangaa nini? Mashamba watu wanaogopa kwenda. Ukiuliza wanasema kuna amani, kisha wanaangalia nyuma. Barabara ya Aru leo iko wazi, kesho haiko. Amani ya namna hii inakula mutu kilo moja moja.

Kaka yangu amepiga simu kutoka Aru. Papa, baba yetu, iko tayari. Atakuja siku ya ine na ndege yetu, wakati inarudi. Daktari wa macho iko hapa Bunia mpaka siku ya posho tu, jumamosi, kisha anarudi Kisangani. Papa ako na mutoto wa jicho, macho yote mbili. Jicho la kuume limekwisha kabisa, la kushoto linaona mutu kama kivuli. Haoni tena ng'ombe wake, anawapapasa. Miye mwenyewe nilimupandisha ndege kwenda Aru miaka tatu iliyopita, wakati huku kulichafuka. Nilimupima. 63. Niliita kwa sauti kubwa, na muzee alinyoosha mabega.

Nafasi yake ku liste nimeandika kwa mukono wangu.

Siku ya tatu, tarehe 9

Mambasa. Wakati Komanda alirudi, alisimama ku kaunta, akanywa maji, akasema ndege leo ilikuwa mvivu. Ilichukua pisti mingi mbele ya kuruka. Shefu alimujibu ni matope. Komanda alisema pengine. Ni mutu wa maneno kidogo, sikufikiri zaidi.

Saa sita hakukuwa watu, nikapanda miye mwenyewe ku balansi. 60. Mwezi uliopita nilikuwa 66. Nimeogopa. Kisha nimefurahi kidogo juu ya ile robe ya bluu, nguo iliyonibana. Kisha nimeogopa tena. Nimekwenda kwa mama wa maharage, nikakula sahani mbili na ndizi. Nimerudi, nimepanda tena. 61.

Kwa hiyo ni miye pia. Nilifikiri njaa iko kwa wengine.

Siku ya ine, tarehe 10

Naandika ku kaunta, saa kumi, mvua bado inapiga bati. Naandika kwa mupango.

Asubuhi Mama Zawadi alikuja. Kila siku ya ine anapeleka vitenge na samaki wa kukausha ku Aru. Uwanja wote unamujua. Kilo zake ni 94, mwaka wa pili sasa, hata nusu haitoki. Alipanda, akaweka mikono ku kiuno, akangoja makofi yake. Nikaita 86.

Mwanamuke mumoja nyuma alisema "pole" kwa sauti ya kilio.

Mama Zawadi alishuka akaniangalia machoni. Alisema: "Weye dada, unanitangazia ugonjwa mbele ya watu? Nguo zangu zinanibana, na weye unasema nimekonda?" Nilimwambia mama, balansi njo inasema. Alijibu balansi yako ni muongo. Shefu alicheka. Watu walicheka. Alipita bila kunisalimia.

Nimejumlisha. Nimetia sahihi. Abiria wote walitembea mpaka ku ndege. Na miye nilibaki na ile neno ya nguo.

Ku pembe ya biro kuna mufuko wa simenti ya kutengeneza ukuta. Umefungwa, umeandikwa 50. Niliuvuta peke yangu, nikauweka ku balansi. 46.

Simenti haikondi.

Nilipiga magoti, nikatia kidole chini. Tapi imezama pale miguu ya balansi inakanyaga, inashika tumbo la mashini, inabeba sehemu ya kilo. Tapi yangu. Tangu siku ya kwanza watu wote niliowapima hawakukonda. Nilikuwa nawahurumia bure. Na mutu mukubwa muzima, karibu kilo mia, alikuwa anasafiri nao bila jina ku liste.

Shefu alikuwa nyuma yangu. Aliona 46, alielewa mbio kuliko miye. Alisema kwa sauti ya chini, na hakuwa mubaya, hiyo njo ilikuwa mbaya zaidi: "Jana imeruka hivyo hivyo. Juzi pia. Angalia mawingu. Ukiisimamisha sasa, leo hairuki tena. Na papa yako iko ku pisti kule." Kisha alisema: "Kesho tutatosha tapi, tutaiondoa."

Nilinyamaza. Dakika tatu, pengine ine. Naandika hii juu ni kweli na hakuna atakayeisoma. Ku mawazo nilimuona papa amekaa ku banki, benchi ya kule Aru, na koti yake. Nilimuona daktari anafunga valizi yake ya safari. Nilijiambia ndege iko na nguvu, Komanda anajua kazi. Nilitaka kunyamaza mpaka mwisho.

Moteri ya ndege iliwaka. Nilimuona Mama Zawadi ku dirisha ya pili, bado amekasirika, anajishika nguo ku kiuno.

Nilikimbia. Sikuwahi kukimbia ku pisti, ni kosa kubwa. Mikono juu, viatu mukononi. Komanda aliniona, akazima. Nikamwambia yote, na kwamba tapi ni yangu.

Tuliwashusha wote, tukatosha tapi, tukapima upya ku sakafu ya simenti tupu. Zilizidi kilo 97. Komanda alisema hapana. Wakati tunatosha mifuko ya samaki, mvua ilikuja kutoka upande wa musitu, ukuta muzima. Aru pia walipiga simu: pisti yao imejaa maji. Saa saba Shefu alifuta safari ku programu. Biki nyekundu.

Watu walinitukana, na walikuwa na haki. Ila Mama Zawadi alipanda tena, akaniambia niite. 94. Akaniambia niite tena. Nikaita tena. Walipiga makofi, wachache, na nguo zimelowa.

Kaka yangu amepiga simu mara tano. Sijapokea.

Siku ya tano, tarehe 11

Nimempigia. Kaka alimupa papa simu.

Muzee amekasirika. Alivaa koti tangu saa kumi na moja asubuhi, alikaa ku banki mpaka mvua ikamukuta hapo. Aliniuliza nani alisimamisha ndege. Nilisema ni miye. Nikaeleza tapi, simenti, kilo. Aliniuliza kama ndege ingeanguka. Nilisema sijui, papa. Akasema: "Hujui." Akamurudishia kaka simu.

Hiyo njo inaniuma. Sijui. Imeruka siku ya kwanza, imeruka siku ya pili, imeruka siku ya tatu, imefika. Pengine jana pia ingefika, na leo papa angelala ku kitanda cha daktari. Ndege ikianguka watu wote wanajua kosa ni la nani. Isiporuka, hakuna kitu cha kuonyesha. Kuna tu muzee wa koti iliyolowa.

Komanda alipita biro. Aliniambia ile siku ya Mambasa aliona majani ya miti karibu kuliko kawaida, na kwamba tangu pale hakulala vizuri. Akaondoka. Hakusema asante. Imenitosha kidogo, si sana.

Shefu ananitaka niandike barua ya maelezo kwa wakubwa. Nimeandika: tapi niliweka miye, bila kuuliza mutu. Ile ya "kesho tutatosha" sikuandika. Sijui kama ni huruma au ni woga. Alisoma mara mbili, akakunja, akaniuliza kama nimekula.

Siku ya posho, tarehe 12

Daktari amekwenda. Nilienda ku hospitali asubuhi kumuomba angoje mpaka ndege ya Aru ya siku ya pili. Nilikuta anapakia masanduku. Alinisikiliza amesimama. Alisema atarudi baada ya miezi tatu, kama njia zinamuruhusu. Miye njo mutu wa programu, najua "kama" ni kitu gani.

Nimefua ile tapi. Kwa nini, sijui. Iko ku kamba.

Siku ya pili ya wiki nyingine, tarehe 15

Papa amekuja.

Hakuna aliyemuita. Kaka anasema muzee aliamka akasema anakwenda Bunia, atangoja daktari huku, kwa mutoto yake. Kwamba miezi tatu ku Aru au miezi tatu Ngezi, giza ni moja.

Liste ya Aru ilitumwa ku simu yangu ndege ikiwa bado njiani. Niliona jina lake ku mustari wa saba. Kilo 51.

Nilicheka. Nikasema, na wale wa Aru pia wameweka tapi.

Ndege ilitua saa tano, jua kali. Komanda mwenyewe alimushika mukono ku ngazi. Koti ile ile. Nilimusalimia, akanipapasa uso mara moja, akasema umenenepa. Ile ya ndege niliyosimamisha hakuigusa, hata miye sikuigusa. Nilimuleta mpaka ku kaunta, ku kivuli. Mguu wake uligusa chuma. Akauliza ni ile mashini? Nikasema njo hiyo. Akasema nipime.

Anayefika hatumupimi. Nilimupima.

Alipanda peke yake, alinyoosha mabega. Abiria wa kurudi Aru walikuwa wamejaa pale, wanaangalia. 51. Niliinama, nikaangalia miguu yote ine ya balansi. Simenti tupu, tapi hakuna. Nilimushusha, nikatia mufuko wa simenti pahali pake, kwa kujifanya naupanga. 50 kamili.

Papa aliuliza: "Ngapi?"

Niliita 63, kwa sauti kubwa. Watu walipiga makofi. Mwenye kusimama karibu kabisa alikuwa ameona kioo, akapiga pia.

Ku liste sikuandika kitu, hakuwa abiria. Naandika hapa. 51.

Tumerudi Ngezi kwa miguu, polepole. Nimepika maharage.