Hodi Tatu Mlangoni kwa Profesa

Kasuku wangu,

Salaam aleikum, dadangu. Hujambo wewe? Mama na lile goti lake? Nyanya bado yuagombana na redio? Mie mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku yanitafuna masikio. Hebu kaa kitako hapo dukani Biashara Street, wateja wa leso wangoje kidogo. Nina kisa!

Uliniuliza chuo kikuu ninachofanyia kazi kikoje. Nilipofika Vienna nami nilidhani kina ukuta, geti na askari wa rungu, kama zile shule za Kizingo. Nikamuuliza mzee mmoja barabarani, "Chuo kiko wapi?" Akacheka. "Umesimama ndani yake, kijana." Wallahi! Jumba moja hapa, jengine nyuma ya soko, maktaba kule reli ya tramu inakopinda. Chuo cha serikali, milango wazi. Nikimaliza kuosha sahani kantini navua aproni, napanda ghorofani, nakaa nyuma kabisa nasikiliza somo la umeme, wala hakuna wa kuniuliza wewe mtoto wa nani. Somo likiisha wanafunzi wote wagonga meza kwa vidole, ko ko ko! Siku ya kwanza nikaitika kwa sauti, "Karibu!" Kumbe ndiyo makofi yao. Jirani yangu akasogeza kiti mbali nami.

Sasa sikia. Wiki iliyopita mashine ya kahawa iliharibika, foleni ndefu, watu wanung'unika. Nikaifungua kwa kijiko, dakika kumi ikanguruma. Kwenye foleni alikuwapo profesa wa umeme, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba.

"Umejifunza wapi?"

"Kwa kufungua redio za nyanyangu, na kupigwa."

Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Nina nafasi moja ya mwanafunzi ambaye vyeti vyake havijatimia. Njoo ofisini Jumanne saa nne tuzungumze. Ukijieleza vizuri ni yako."

Dada, shati nililipiga pasi mara mbili! Jana saa nne kamili nipo mlangoni. Mlango umefungwa. Nikagonga, hodi. Kimya. Nikangoja, nikapiga ya pili. Nasikia kiti chalia, mtu akohoa, lakini karibu haiji. Ya tatu. Kimya vilevile. Nawe wajua tulivyolelewa. Nyanya hutwambiaje? "Hodi ni tatu. Usipokaribishwa geuka, nyumba ya watu si soko." Tena mwanamke, yu peke yake ndani! Nikageuka, nikarudi kwenye sahani zangu nimenywea, nikasema basi, amebadili nia.

Milan, mpishi wetu, nilipomhadithia sufuria ilimponyoka kwa kicheko. "Wee Swaleh! Hapa wagonga, wafungua, waingia! Hakuna anayeitika! Alikuwa akikungoja wewe!"

Nilitamani sakafu inimeze.

Leo asubuhi ameniandikia: "Nilikungoja saa nzima. Kulikoni? Nijibu kabla ya Ijumaa, siwezi kuiweka nafasi zaidi."

Milan asema, "Mwambie ulikuwa mgonjwa. Kila mtu husema hivyo, yataisha." Nimeandika hiyo, iko kwenye simu. Nimeandika na nyengine pia, ya kweli, ya hodi tatu. Nikiisoma naona haya. Atasema, aliyeshindwa kufungua mlango, mashine zangu atazifunguaje? Lakini nikianza kwa urongo, kila nikiingia ofisi ile itabidi niukumbuke. Nafasi yenyewe ni moja, dada. Miaka yote ile nikikokota nyaya chini ya kitanda, sijawahi kuwa karibu hivi.

Nisalimie Mama, umkande goti. Nisalimie mjomba muuza mihogo pale barabara ya Mama Ngina, mwambie huku chipsi hawatii pilipili wala ndimu, wala hawaoni haya. Nyanya mbusu mkono, lakini kisa hichi usimpe bado, atajifungia chumbani alie kwamba yeye ndiye aliyenikosesha. Wala hakunikosesha.

Nawe ndiye uliyenishika mkono nikiwa mdogo, ukanifunza kusimama kando ya mlango wa jirani, uso nimeugeuza, mpaka tuitikiwe. Leo ni Jumatano. Simu iko mkononi, barua mbili ndani yake. Ungekuwa ni wewe, Kasuku, ungetuma ipi?

Nduguyo asiyetulia,
Swaleh