Mikono Yangu, Sauti ya Edmund

Madibira, 3 Juni 2024

Mwanangu Mbuke,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima, ila goti la mama yako linamsumbua. Hali yako sitaiuliza sana leo, maana nina hasira.

Jana kaka yako Nashoni alinionyesha ile video niliyokurekodia ya somo la ndigana, homa ya kupe inayoua ndama, pale wanapochajia simu, mbele ya watu zaidi ya kumi. Nikaona mikono yangu inapapasa tezi chini ya sikio la ng'ombe wangu. Nikasubiri kusikia sauti yangu. Akaongea mtu mwingine! Nashoni anasema ni Edmund, mwenzako wa kazi. Watu wakacheka, wakaniuliza, "Mzee Bujiku, umekuwa bubu lini?"

Huyo Edmund amewahi kushika ng'ombe gani? Kama sauti ni yake, na mikono iwe yake. Simu zako sipokei. Ukiwa na la kusema, mpe kondakta wa basi barua, kama ninavyompa mimi.

Baba yako,
Bujiku


Iringa, 11 Juni 2024

Shikamoo baba,

Mpe mama pole, dawa ya kuchua goti iko ndani ya kifurushi. Mimi mzima, lakini barua yako imeniuma.

Ulinirekodia kwenye upepo, bati linapiga kelele, redio ya jirani inaimba, kengele za ng'ombe zinalia. Watazamaji wakaandika kwamba hawasikii kitu. Ulitaka nifanyeje? Studio hatuna, maiki ya maana siiwezi, na wafugaji wanangoja masomo huku ndama wanakufa.

Ukitaka sauti yako irudi, rekodi upya. Ingia ghalani, kaa katikati ya magunia ya mpunga, yanameza mwangwi. Jifunike blanketi kichwani. Hiyo maiki ndogo ya kubana kwenye kola nimeipata sokoni. Ivalishe kipande cha soksi, ikae shubiri moja kutoka mdomoni. Na kila kinacholia kinyamazishwe. Kila kitu, baba, usinibishie. Kadi ya kurekodia nimeiweka humo humo, unirudishie.

Binti yako,
Mbuke


Madibira, 24 Juni 2024

Mbuke,

Salamu. Uzima upo, amani haipo.

Nilifanya ulivyoagiza. Ng'ombe walikuwa wanakula nyuma ya ghala, kwenye matete, na kengele zao zilikuwa zinasikika hadi ndani. Nikawavua wote kengele. Nikaingia kwenye blanketi lako.

Nashoni huchunga kwa masikio, kwa sababu matete yanamzidi kimo. Aliposikia kimya alidhani wamelala. Nilipotoka ghalani, jasho linanitiririka, walikuwa ndani ya mpunga wa Severina, umeiva, unangoja mundu. Mjane wa watu alilia mbele ya mtendaji mpaka nikakosa pa kuangalia. Mtamba wa mama yako, yule mwenye doa usoni, sasa ni wa Severina, fidia ya mpunga wake.

Wewe umekulia kwenye matete haya. Ulijua kengele ni za nini. Edmund asingejua, lakini wewe!

Kadi ninayo. Siileti.

Bujiku


Iringa, 2 Julai 2024

Shikamoo baba,

Umesaini Bujiku, kama vile unamwandikia mtendaji. Nimelia, halafu nikakasirika. Kwa nini hukuniuliza? Ningekwambia ungoje ng'ombe waende mbali. Ningekwambia kwa simu, kama ungepokea!

Lakini aliyekosa kwanza ni mimi. Ule upepo ningeweza kuupunguza, na kengele pia. Nilipoiweka video mara ya kwanza, na sauti yako, mtu mmoja aliandika kwamba mzee huyu anaongea Kiswahili kama anatafuna muhogo mbichi. Wakacheka wengi. Nikaona aibu, baba. Nilichokiondoa hakikuwa kelele. Nilikuondoa wewe.

Nisamehe. Mwombe na mama anisamehe kwa mtamba wake.

Binti yako,
Mbuke


Iringa, 27 Julai 2024

Shikamoo baba,

Natumaini mko wazima. Kila nikienda stendi, kondakta anatikisa kichwa.

Sauti ya Edmund nimeitoa. Video sasa ni kimya, mikono yako tu. Watu wanauliza kama imeharibika. Nawajibu kwamba mwenye sauti hajarudi.

Binti yako,
Mbuke


Madibira, 9 Agosti 2024

Mwanangu Mbuke,

Mama yako anasema nikusalimie kabla sijaanza kugomba. Haya, salamu. Goti lake limepoa.

Hasira bado ninayo, usidhani imeisha. Aibu yako imeniuma kuliko mtamba. Kiswahili hicho hicho ndicho nilichotumia kuwaomba walimu wakupokee shuleni. Siku ile hukucheka.

Kadi hiyo hapo. Nimerekodi upya, ng'ombe wakiwa mbali, kengele shingoni. Magunia, blanketi, soksi, vyote nimefuata. Nimeanza na mwangaluka ya Kisukuma, kama ninavyomsalimu kila mtu asubuhi, kisha jina langu na la baba yangu. Usikate. Neno nililokosea liache hapo hapo. Anayeuguliwa na ndama atanielewa.

Mwishoni utasikia kimya kirefu, halafu kengele. Ng'ombe walikuwa wanarudi, nikatoka na simu bila kuzima. Hizo pia usikate. Anayetaka kujifunza ng'ombe azijue kwanza. Kengele ya yule mtamba haimo. Nimempelekea Severina amvalishe.

Jumapili piga simu. Nitapokea, ila usitegemee nitaongea kwa upole.

Baba yako,
Bujiku