Nimekata jibu la mke wangu kwenye filamu, na muda wangu ni mfupi

Mama Wiliam, mshauri wa ukurasa huu, pokea salamu za mzee anayekusoma kila wiki, kwa kawaida ili acheke matatizo ya vijana, lakini safari hii wa kuchekwa ni mimi, na nakuomba uninyooshee mkono kabla sijaondoka duniani, maana moyo wangu umechoka, miguu inavimba, na daktari ameshaniambia kwa upole kwamba sasa tunatuliza maumivu, hatuponyi tena. Mke wangu anajua hilo. Ndiye anayenipa vidonge na kuniwekea miguu juu ya mto. Asilolijua ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Runzewe. Mke wangu nimwite Anisia, ingawa si jina lake, na mtoto wetu wa kwanza nimwite Deogratias, anafanya kazi Geita mjini. Likizo ya Juni mwaka huu parokia yetu iliendesha kozi ya kutengeneza filamu fupi za maisha halisi, zile zinazoitwa makala, ambazo hazina mtu wa kuigiza, na tangazo likasema wote mnakaribishwa, nami nikajisemea kama ni wote basi na mimi nimo, nikaenda na fimbo yangu, nikakuta ukumbi umejaa vijana waliomaliza kidato cha nne na wengine wametoka machimboni upande wa Bugarama, wakasimama wote wakidhani nimekuja kuwafungulia kozi kwa sala.

Mkufunzi wetu ni binti wa Shinyanga anayeitwa Wema, mpole, lakini hana mchezo na kazi. Mwenzangu wa kikundi alikuwa Marcel, kijana mchimbaji, anayeniita Guku, yaani babu kwa Kisukuma. Siku ya kwanza ya kurekodi kwa simu nilirekodi kidole changu mwanzo hadi mwisho, Marcel akatazama kwa makini akasema, "Guku, hii tuiite Maisha ya Kidole?" Nilicheka mpaka kifua kikauma, na niseme ukweli, Mama Wiliam, sijafurahi hivyo tangu nistaafu. Nilijifunza kutazama mwanga unatoka upande gani, kumsogelea mtu ili sauti yake isipotee, kutohangaika na simu kama mtu anayefukuza nzi, na jambo moja ambalo Wema alilirudia kama katekisimu, kwamba ukishauliza swali funga mdomo, hata kimya kikuume vipi, kwa sababu jibu la kwanza huwa la adabu, na la kweli huja nyuma yake.

Kila mmoja alitakiwa atengeneze makala ya dakika tano kuhusu mtu anayemjua. Nikamchagua Anisia.

Tulimrekodi uani asubuhi, amekaa kwenye kigoda anachambua choroko kwenye ungo. Akauliza kama abadili kitenge kwanza.

"Baki hivyo hivyo, Mama Deo," nikamwambia. "Jifanye mimi sipo."

"Nitajifanyaje haupo, na huko kukohoa kwako? Hata ukiwa Ushirombo nakusikia."

Akacheka, Marcel akacheka, simu ikatikisika, tukaanza upya. Akaeleza vizuri sana, jinsi alivyokuja kutoka kwao Nkome, kando ya ziwa, bibi arusi ambaye hajawahi kushika jembe la pamba, jinsi mama yangu alivyompima kwa macho akasema hawa watu wa samaki hawadumu, na jinsi alivyowapikia uji wanafunzi wangu wa mbali mvua ilipowazuia kurudi makwao. Mwishoni nikauliza swali nililokuwa nalo moyoni siku nyingi: "Kama ungeanza upya leo, ungechagua tena kuishi hapa na mimi?" Kisha nikafunga mdomo kama nilivyofundishwa.

Aliendelea kuchambua. Lori likapita barabarani, vumbi likaingia uani, likatua. Akasema, "Wewe ningekuchagua." Halafu akainua uso, hakunitazama mimi, akaitazama simu, akasema, "Hapa, hapana. Sijapazoea mpaka leo. Ukitangulia, watoto wasinibakize kulinda nyumba. Wanipeleke Nkome kwa mdogo wangu Lusia tuanike dagaa, nilale nasikia maji."

Sasa nikuambie nilichofanya. Tulipokaa kwenye kompyuta ya parokia kukata na kuunganisha, nilimwambia Marcel aishie pale kwenye "Wewe ningekuchagua," kisha akachukue kile kicheko cha mwanzoni akibandike hapo, filamu iishe.

"Guku, Bibi hajamaliza kusema."

"Najua."

"Na hapa alikuwa anacheka kikohozi chako. Siyo jibu hili."

"Kata tu, Marcel."

"Haya. Mimi ni mkono, kichwa ni chako."

Ikatoka tamu, Mama Wiliam, hata mimi mwenyewe niliyeichonga ilinidanganya. Tulipoionyesha darasani vijana walipiga makofi, msichana mmoja akasema akikosa mume wa namna hii ataenda utawani, Wema akafuta macho, akaomba ya kwangu iwe ya mwisho kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, ambapo zitaonyeshwa zote ukumbini mbele ya padri na waumini, na wanangu wote wameahidi kuja. Siku hiyo haiko mbali.

Utaniuliza kwa nini nilikata. Nyumba hii niliijenga kwa ajili yake, chumba kwa chumba, kwa mshahara wa ualimu. Nimeshaonyesha mahali pa kaburi langu nyuma ya michungwa, na nafasi ya kwake pembeni, na Deogratias ameniahidi mbele ya wadogo zake kwamba mama hatahama hapa, atatunziwa hapa hapa, nami tangu ahadi hiyo nalala vizuri. Niliogopa watu waseme mke wa mwalimu ameishi kama mgeni maisha yake yote na mwalimu hakuona. Na lililo chini kabisa, ambalo hata padri sijamwambia, ni kwamba nililionea wivu ziwa. Mtu mzima, naelekea kaburini, nashindana na maji.

Juzi wakati ananivalisha soksi aliniuliza, "Lile la Nkome umeliweka?" Nikamjibu kwamba filamu ni fupi, Wema hataki ipite dakika tano. Akavuta soksi ya pili, akasema, "Sawa. Wewe ndiye mwalimu." Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile pale uani hakuwa anazungumza na mimi, alikuwa anazungumza na watoto, akijua siku ya kuonyeshwa watakuwa wamekaa wote wanamtazama na hakuna atakayemkatiza, na mimi ndiye niliyemkatiza.

Marcel anasema picha zote zipo, jibu linaweza kurudishwa. Lakini nikilirudisha watoto watajua kwamba ahadi yao imemfunga mama yao, na ukumbi mzima utasikia mke wangu hapapendi nyumbani kwangu. Nisipolirudisha, nitakufa nimeyapunguza maneno yake, naye ataishi kwa kipande nilichobakiza. Naomba uniambie la kufanya, na usinihurumie sana.

Mwalimu mstaafu,
Runzewe

JIBU

Mwalimu, shikamoo. Nakuamkia mapema kwa sababu baada ya hapa adabu yangu itapungua kidogo.

Umebadili jina la mkeo, lakini umeniachia mji, kazi, fimbo, kozi na kikohozi. Wazee waliosoma kutengeneza filamu na vijana hapo Runzewe mwaka huu ni wangapi? Gazeti hili likishushwa stendi, kuna jirani atalifikisha kwenu kabla chai haijapoa. Basi usilikunje ukaenda kutafakari. Muwahi jirani.

Nikupe kwanza haki yako. Mzee mgonjwa anayekubali kuchekwa na vijana ili ajifunze kumtazama mke wake vizuri, huyo ana mapenzi, na anayebisha anitafute mimi. Ila ulipofika kwenye kompyuta, mapenzi hayo yakageuka ubinafsi. Ulimuuliza mtu swali, akakujibu, ukalitupa jibu lake na kujijibu mwenyewe kwa kicheko chake. Kijana mchimbaji akakukanya, ukamwambia akate. Mwanafunzi wako angefanya hivyo, ungemwita na mzazi wake.

Na hebu tazama ulichoambiwa. "Wewe ningekuchagua." Wako wanaume wanaosoma ukurasa huu ambao hata wakipiga magoti hawataambiwa hivyo, na wewe umeambiwa bure, mkeo akichambua choroko. Alichokataa ni mahali. Mtu anaweza kumpenda mume na asiizoee nyumba, kama wewe unavyoweza kumpenda yeye na usizoee dagaa. Ziwa halishindani na wewe.

Kinachonitia hofu ni ile ahadi ya Deogratias. Ukifa kesho bila kusema neno, wanao, kwa jinsi wanavyokuheshimu, watamweka mama yao hapo kwa jina lako. Akisema anataka Nkome, watamwambia, "Mama, Baba alisema." Nani atabishana na marehemu? Watamnyima kwa upendo, kila siku, na atasema "Sawa" kama alivyosema kwenye soksi. Hilo si jambo la filamu tena, ni maisha yatakayombakia mkeo.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwite Marcel aje nyumbani na picha zote, ile iliyokatwa na ile nzima. Mwonyeshe mkeo zote mbili, umwambie kwa kinywa chako: hapa nilikukata, na sababu ni hii. Usimtaje Wema, wala dakika tano. Atakuwa na la kukwambia, na utalisikiliza lote. Kisha mwulize yeye kama anataka ukumbi uone jibu lake. Uso ni wake na maneno ni yake. Akitaka, jibu lirudi lilivyo, na watu wa parokia waseme watakalo, watachoka. Asipotaka, tafuteni mwisho mwingine wa kweli. Ile yenye kicheko cha kubandika futa, hata kama ilimliza mkufunzi.

Watoto wasilijulie ukumbini. Waite kabla, mkae, mama yao akiwepo, na ahadi uliyoichukua uivunje mwenyewe. Sema: "Niliwaomba mama asihame. Naiondoa. Mama yenu atakaa anakotaka, na anayenipenda atambebea mizigo." Si lazima uwe na sauti kubwa, lakini wasikie wote, na Deogratias alirudie kwa mdomo wake.

Kuhusu kaburi, mzee wangu, hukusoma vizuri hata lile jibu ulilolikata. Amesema anataka kuishi Nkome. Hajasema atazikwa wapi. Huenda nafasi ile nyuma ya michungwa anaitaka, huenda haitaki, wewe hujauliza, ulikimbilia wivu. Muulize. Na akikujibu, mwache amalize.

Tena kuna jambo ambalo katika barua ndefu hivyo hukuligusa. Amesema "ukitangulia." Yaani maadamu unapumua hawezi kwenda, kwa sababu ya vidonge vyako na mto wako. Ameacha kwao kwa ajili yako hadi leo, naye hajakudai. Kwa nini basi aanze kusikia maji siku utakapokuwa umekufa? Muulize daktari wako kama mwili utaimudu safari. Akikuruhusu, nendeni sasa, nyote wawili, mkakae kwa Lusia siku mtakazoweza. Kohoa huko huko Nkome, watu wa ziwani hawajawahi kumfukuza mgonjwa. Ukienda na simu yako sawa, usipoenda nayo ni bora zaidi.

Mpigie Deogratias leo, aje na gari. Njia mnaijua, Katoro, Geita, mpaka ufukweni. Wewe ukae nyuma, miguu juu ya mto kama kawaida. Kiti cha mbele, chenye dirisha kubwa, akae Anisia.