Shikamoo kwa Kompyuta

Kaliua, 6 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na cherehani haikusumbui. Mimi mzima, ila nina hasira, na mambo mazito hupendi kuyasoma kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Unajua hapa shuleni nafundisha kompyuta. Mwanzoni wanafunzi walitafuta habari mtandaoni kama wanaobisha hodi kwa mkubwa. Doto, binti wa kidato cha nne, aliandika: "Shikamoo, samahani kwa usumbufu, naomba kujua vyuo vya uuguzi." Mwenzake Luhende akaiamkia kompyuta kwa Kinyamwezi kabisa: "Mwangaluka." Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikawaambia salamu ziacheni mlangoni, andikeni maneno machache yenye uzito, msilimeze jibu la kwanza. Ulizeni nani kasema, na nani mwingine anathibitisha.

Wiki iliyopita mkuu wa shule alituletea mgeni, Bwana Adriano, anayesajili wanafunzi wa chuo chake cha uuguzi kule Bukene. Doto akakitafuta. Hakimo kwenye orodha ya vyuo vilivyosajiliwa. Akaitafuta na ile picha ya jengo lao aliyotuonyesha mgeni, kumbe ni hoteli ya nchi nyingine! Akasimama akayasema mbele ya mgeni.

Mkuu amefunga chumba cha kompyuta. Anasema nafundisha watoto utovu wa adabu. Anataka nimwombe mgeni radhi kwenye kikao cha wazazi, Jumamosi tarehe 31, la sivyo ataandika nihamishwe. Siombi.

Mwanao,
Anifa


Cheyo, Tabora, 12 Mei 2025

Mwanangu Anifa,

Marahaba. Mama yako Swaumu anakusalimu. Mgongo ndio huo huo.

Barua yako imenitia aibu. Huyo Bwana Adriano namfahamu. Alikuja hadi barazani kwangu, akala wali wetu, na mdogo wako Sabiri ameshaandikishwa chuoni kwake. Nimempa mkono mbele ya majirani. Mama yako ameshaanza kumwita Sabiri daktari.

Mtu amekula kwako, kisha umpekue kama mwizi? Mgeni haulizwi vyeti, Anifa. Sisi watu wa mjini hapa tumepokea wageni tangu enzi za misafara, hatukumtaka mtu karatasi. Simama siku hiyo, omba radhi, yaishe.

Baba yako,
Nurdini


Kaliua, 15 Mei 2025

Baba,

Shikamoo, na pole na mgongo.

Niliposoma jina la Sabiri nilichukua kalamu hapo hapo. Asiende, Baba. Nakuomba.

Mgeni nitamwamkia, nitamlisha, kisha nitamuuliza. Sioni kosa hapo. Watoto wa wakulima hapa wanauza tumbaku ya msimu mzima kulipia ndoto, halafu mimi ninyamaze kwa sababu mtu kala wali?

Usiniamini mimi. Ukiniamini kwa kuwa ni mwanao tu, nitakuwa nafundisha bure. Keti na Sabiri. Aandike jina la chuo ndani ya alama za kunukuu, kisha aongeze neno usajili. Orodha ya serikali muisome kwa macho yenu wenyewe.

Mwanao,
Anifa


Kaliua, 23 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Basi la juzi limekuja bila barua, na la leo pia. Sabiri hapokei simu. Kama ameshakwenda, niambie tu.

Wenzangu ofisini wananishauri nipige magoti. Ukinikasirikia nitaumia sana, lakini radhi siombi.

Anifa wako


Cheyo, Tabora, 29 Mei 2025

Mwanangu Anifa,

Marahaba, marahaba. Mama yako hajambo, ila ameacha kumwita mtu daktari.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta pa kukukosoa. Nilimkalisha Sabiri na simu yake, nikamwambia, "Iamkie kwanza." Akacheka, akaandika ulivyoagiza wewe. Jina halikuwemo. Nikasema orodha imekosea. Akatafuta kwingine, hakuna. Nikasema mtandao mzima umekosea, na kama umekosea nitakwenda mwenyewe.

Tukaenda Bukene, na mgongo wangu huu huu. Pale alipotuelekeza Bwana Adriano pana ghala la pamba lenye kufuli. Mama muuza vitumbua wa jirani alituuliza, "Chuo? Hapa?" akaita na wenzake waje kutuona. Sabiri alikuwa amevaa shati jipya nililomshonea kwa ajili ya chuo.

Bwana Adriano nimempigia simu. Nikamwambia ule mkono niliompa nimeurudisha. Majirani niliwaita wasikie hilo pia.

Jumamosi nakuja na Sabiri. Mkuu akikutaka usimame, wewe kaa. Nitasimama mimi. Nitamsalimu vizuri, nimuulize habari za nyumbani na afya ya watoto, kisha nitamwomba atutajie jina la chuo taratibu, na Doto aandike mbele ya wazazi wote. Chumba kikiwa bado kimefungwa, simu ya Sabiri inatosha.

Ila salamu siiachi mlangoni. Hilo hutanifundisha.

Baba yako,
Nurdini