Upande Wangu wa Ukumbi

Kwako dada yangu mpenzi,

Barua hii ikukute umeegemea mto wako, na huyo mgeni wetu mdogo amelala ameshiba. Anaendeleaje? Bado analia kila akivuliwa nguo? Na shemeji, kifua kimepona au bado anakohoa na kukataa dawa kama mtoto wa pili humo ndani? Mimi kiafya ni mzima. Ningekupigia simu, lakini najua nikiisikia tu sauti yako nitaanza kulia na maneno yasitoke. Umeniita Kasuku tangu sijaota meno ya utu uzima, basi leo nivumilie, nitasema yote.

Nianze na utamu, maana ulikuwepo, na sitaki udhani nilikuwa naota. Dada, ndoa ni tamu! Chumba chetu kina dirisha moja tu linalotazama ukuta wa jirani, na jiko tunaliweka nje ya mlango, lakini mume wangu akiamka alikuwa ananitazama mimi kabla ya kutazama simu yake. Anaunganisha vidole vyake kuwa kidirisha, ananichungulia humo, anasema mwanga umeniangukia vizuri. Nani aliwahi kuniambia mwanga umeniangukia vizuri? Dukani nilikuwa naambiwa nipange sabuni. Nilifua mashati yake huku naimba, na jioni nikimngoja kutoka chuoni nilikuwa kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Masomo yake niliyapenda kama vile ni yangu. Mimi wa kidato cha nne nikajua kwamba mtu akilia kwa kweli mpiga kamera hamrukii, humngojea, na kwamba sauti mbaya huua picha nzuri. Kila mwanafunzi wa filamu na televisheni wa mwaka wa mwisho lazima atoe filamu yake ya kuhitimu, ya watu wa kweli, si waigizaji. Ya kwake ni harusi yetu. Nilijiona malkia! Wenzake ni wawili: mpiga kamera wanamwita Mrefu, na wa sauti wanamwita Masikio, kwa sababu husikia hata friji ya nyumba ya pili ikinguruma. Wote wawili waliniita shemeji na kunitania kwamba nikishakuwa nyota nisijifanye siwajui.

Unakumbuka tulivyopanga. Ujifungue kwanza, upate nguvu, ndipo uje na shemeji, na mama mkwe wako, na mafundi cherehani wenzako wa kiwandani, mjaze upande wangu wa ukumbi. Baba na mama hawapo. Upande wangu ni wewe. Ghafla mume wangu akasema hawezi kungoja. Alikupigia simu mimi nikiwa nimekaa pembeni yake, akakuambia, shemeji, moyo hauna breki. Ulicheka, ukasema daktari amekukataza safari lakini baraka hazipandi basi, tuoane tu. Dada, nilivimba kichwa. Mwanamume asiyeweza kunisubiri! Niliwasimulia mpaka wateja waliokuja kununua kiberiti.

Siku yenyewe aliagiza viti vya upande wangu visikaliwe na watu wa kwao, kwa heshima yako. Nikaona ana adabu iliyoje. Wale dada wawili ninaofanya nao kazi dukani, ambao ndio wageni wangu pekee, walifika watu wanaosha sahani. Kadi zao zilikuwa na saa tofauti, akasema mchapaji kakosea. Nilipogeuka nikaviona vile viti vitupu mstari hadi mstari, nililia. Nilikulilia wewe. Mrefu alikuwa mbele yangu na kamera, na mume wangu, bwana harusi mzima aliyesimama kuoa, akamwashiria kwa kidole asogee. Kidole kile nilikiona. Nikakisahau palepale, maana mkono uleule ulinifuta machozi.

Mwezi uliopita alinipeleka studio ya sauti ya chuo, chumba kidogo kilichobandikwa sponji kuta zote, ukiongea unahisi umefunikwa blanketi. Nilitakiwa kusoma sentensi moja itakayosikika juu ya picha ile ya viti. Kabla ya zamu yangu walimrekodi yeye akitembea koridoni, na maikrofoni isiyo na waya, ndogo kama punje ya harage, imebanwa kwenye kola yake. Walipomaliza, Masikio akataka kwenda kutafuta betri. Akanivalisha hedifoni zake, akasema leo nimepandishwa cheo, nimlindie kiti. Mume wangu akatoka na Mrefu kupunga hewa. Ile maikrofoni hakuivua. Kuivua ndilo somo la mwanzo kabisa wanalofundishwa, aliniambia mwenyewe, na siku hiyo alisahau.

Nilitabasamu nilipoisikia sauti yake, karibu kama anavyoninong'oneza. Nilitaka kusikia anavyonisifu. Nikamsikia Mrefu akimuuliza kama ameshaniambia kwa nini harusi iliharakishwa. Akajibu kwamba aliyelala usimwamshe. Mrefu akasema hii si haki, bwana, yule binti ana dada. Mume wangu akasema hiyo ndiyo sababu yenyewe. Dada mtu angekuja na ukoo wa mumewe na kiwanda kizima, wangejaza ukumbi kwa vigelegele, na filamu ya bibi harusi asiye na mtu angeipata wapi? Mhadhiri alikwisha kuipitisha hadithi hiyo na kuisifu. Kwa hiyo akachagua siku ambayo wewe huwezi kuinuka kitandani. Saa ya kwenye kadi aliibadilisha yeye. Mrefu aliposema nitakuja kujua, mume wangu akacheka. Akasema mimi, hata akiniambia jua ni lake, nitamshukuru kwa kuliwasha.

Nilivua hedifoni nikaziweka mezani taratibu, kama yai.

Waliporudi, akanipa karatasi, akanibusu kwenye paji la uso, akaniambia nisome polepole. Iliandikwa kwamba upande wangu hapakuwa na mtu, kwa sababu duniani sina mtu. Nusu ya kwanza niliisoma kama ilivyo. Ya pili niliisema yangu. Nilisema hapakuwa na mtu kwa sababu mume wangu alihakikisha dada yangu hawezi kuja. Nikaeleza jinsi ulivyoacha shule ukakaa kwenye cherehani ili mimi nimalize. Mume wangu akapiga kelele akitaka wakatishe kurekodi. Masikio, asikiaye friji ya jirani, akasema hajamsikia. Nikaendelea mpaka pumzi ikaniishia.

Nyumbani hakukana. Alipiga magoti, dada, akalia. Alisema mapenzi yake ni ya kweli, uongo ni wa filamu tu, na kwamba sanaa haisubiri mtu ajifungue. Nikamwambia nitamsamehe kwa jambo moja: aiondoe sentensi ile na aseme ukweli kuhusu vile viti. Akanishika mikono yote miwili, akaapa. Nilimwamini. Nilimpikia hata chakula anachokipenda.

Juma lililopita Mrefu alinifuata dukani, hawezi hata kunitazama. Akaniambia mume wangu alimpata msichana wa darasa la uigizaji mwenye sauti kama yangu, akamsomesha sentensi yote mpaka mwisho. Wahadhiri wamempa alama za juu kuliko wote, na kituo cha televisheni kitaionyesha filamu hiyo Jumapili jioni. Nilipomuuliza mume wangu, alinijibu kwamba watazamaji hawatajua tofauti.

Nimehamia kwa mmoja wa wale dada wa dukani. Kila jioni anakuja kusimama nje na lile shati la bluu nililompigia pasi mimi, na moyo wangu, mpumbavu huu, bado unaruka. Nampenda, dada. Ndicho kinachoniuma. Lakini sirudi mpaka akaseme kweli mbele ya walewale aliowapa uongo, hata kama watamnyang'anya alama zote.

Nisalimie shemeji, mwambie anywe dawa. Mbusu mtoto kwa niaba ya mama yake mdogo. Msalimie mama mkwe wako kwa heshima zote, na mafundi wenzako mmoja mmoja, kwa sababu najua Jumapili mtakusanyika mbele ya televisheni ya kiwandani muone harusi ya mdogo wenu. Waambie mapema, tafadhali, kabla hawajanuna. Huyo anayelia ni mimi, na nilikuwa nakulilia wewe. Lakini mwanamke atakayesema duniani hana mtu, dada yangu, huyo simjui.

Mdogo wako akupendaye,
Kasuku