Simba Wako Ana Miaka Minne

Chumbani kwa mama,
Nyumba ya tatu nyuma ya gereji,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Hujambo huko ugenini? Wifi na watoto wazima? Kile kifua cha baridi kimepona? Sisi tunapumua. Mama ametoka hospitali, hii ni wiki ya tatu. Uji anakunywa, ila mguu wa kushoto bado mzito.

Haya, salamu zimetosha.

Jumanne liliwekwa mezani kwangu fuvu la simba dume, bado linanuka dawa. Kazi yangu unaijua: nyara za wawindaji wa kitalii hupita kwetu, tunapima umri kwa meno, ndipo kibali cha kuzisafirisha kitoke. Simba chini ya miaka sita haruhusiwi kuwindwa. Nikavuta fomu nione mteja ni nani. Weee! Majina yako yote matatu, na picha umechuchumaa nyuma ya simba, meno yote thelathini na mawili nje.

Nilidhani macho yananidanganya, nikasoma tarehe tena. Siku ulizokuwa porini na mwindaji bingwa wako, yule kiongozi uliyepewa na kampuni ya uwindaji, ndizo tulizokuwa tunambeba mama kwa mikono kumpandisha ngazi za wodini, na wewe kwenye simu unalia eti bosi kakunyima likizo. Kumbe uko mwendo wa saa nne kutoka kitandani kwake! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikudhani walikuwa wanakusema wewe.

Alhamisi ukapiga. Nikajua unaomba radhi. Wapi! Hata hali ya mama hukuuliza. "Dada, wewe ndiye mtaalamu, andika sita tu. Damu nzito kuliko maji." Leo ndiyo umeikumbuka damu? Usinivishe kilemba cha ukoka, mimi si mtoto.

Ukasema pia pesa ulizolipa zinalinda pori. Sibishi, huenda ni kweli, na mshahara wangu unatoka humohumo, kwa hiyo sina mdomo wa kukuhubiria. Lakini hoja hiyo inasimama kama anayeuawa ni mzee aliyekwisha kufukuzwa kundini. Wako alikuwa kijana, meno meupe, hayajalika hata moja. Dume kama huyo akiondoka, madume wengine huingia wakaua watoto wake. Mwindaji bingwa wako analijua hilo. Ulimlipa bei ya nyumba asikuambie.

Nimeandika minne. Ngozi na fuvu vitabaki stoo, na kampuni itajieleza. Ukinuna, nuna.

Kilichonishinda ni mama. Jana nikimsuka akaniuliza kama bosi wako amelegeza moyo, maana anataka akuone angali anaweza kukaa kitako. Maneno yote yalikuwa mdomoni. Nikamwambia bado, anajitahidi. Miaka kumi na tisa napima meno ya wanyama, sijamwongezea hata mmoja mwaka kwa ajili ya mtu. Sasa nimedanganya, tena mama yangu mzazi, na ni kwa ajili yako. Nimeumia, mdogo wangu.

Nisalimie wifi, ambaye sijui ulimuaga unakwenda wapi. Wabusu watoto. Shangazi na mjomba wanakusalimu, bado wanakusifu.

Mungu akupe afya, akupe na aibu. Na akuletee huku mama angali anakuulizia.

Dada yako, akupendaye bila kupenda.