Kikombe Chako Kimerudi

Mama,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini hukupenda mtu aanze maneno kabla ya salamu.

Mvua zimeanza huku Bariadi. Choroko zimeota mpaka karibu na ulipolala. Nami bado mlango wa jikoni ukilia nageuka.

Nakuandikia habari za kaka Masanja. Ulipoondoka alikataa dawa. Nikimpelekea vidonge na maji kwenye glasi, anaisukuma: "Kikombe kiko wapi?" Tukadhani ni ugonjwa unaosema. Akaacha kulala. Akarudia kubishana na zile sauti anazozisikia peke yake, akawa anatembea peku kwenye barabara ya Maswa. Baba mkubwa akasema apelekwe kwa mganga. Niliogopa, Mama. Nilikumbuka alivyofungwa kamba kwa mganga kabla hujamfikisha hospitali.

Ndipo nikakumbuka siku ya kugawa vitu vyako. Mama mdogo alichagua kile kikombe cha bati chenye ukingo wa bluu. Hakuna aliyemuuliza Masanja.

Nikakifuata Malampaka. Mama mdogo alikuwa anakinywea uji. Alilia, akakiosha, akanipa. "Chukua, mwanangu. Mimi nilitaka kumbukumbu. Yeye anataka kuishi."

Masanja alikipokea kwa mikono miwili. Nikampa vidonge. Akanirudishia kikombe.

"Wewe kwanza."

Hapo nikakuona wewe, asubuhi zote zile, michembe ya viazi vitamu kwenye sahani, unameza kidonge chako kwa kikombe hicho mbele yake: "Mimi presha, wewe kichwa. Twende, baba." Ulimwita baba kwa kuwa ana jina la babu.

Mimi sina presha. Nikanywa maji matupu.

"Mgonjwa wa uongo wewe," akasema. Akacheka, Mama! Akameza.

Sasa analala. Siku nyingine bado anagoma. Simgombezi, tunakula michembe kwanza, tunajaribu tena. Juzi alipeleka ng'ombe kunywa maji mwenyewe, akarudi nao wote.

Ila nakukumbuka sana. Nikinywa naweka mdomo pale rangi ilipobanduka, ulipokuwa unaweka wako. Nakaa hivyo kidogo. Masanja huniacha, hanihimizi.

Pumzika, Mama. Kila asubuhi nitatangulia kunywa mimi. Na wakija kuniposa, watajua mapema: siolewi mbali na kikombe hiki.

Binti yako,
Kabula